Plau Nyepesi kwa Maksai Wadogo

Mvua za kwanza zinaponyesha chini ya Mlima Elgon mwezi wa Machi, maksai wa Bungoma huwa wamekonda. Tangu Desemba wamekula nyasi kavu na mabua ya mahindi yaliyobaki shambani, wametembezwa mbali kutafuta maji, na mbavu zinahesabika. Wiki hizo hizo ndizo shamba linazowataka kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka, kwa sababu mahindi yanayochelewa kupandwa huko hayalipi. Anayetaka kuielewa historia ya kilimo cha Bungoma na jirani yake Kitale aanzie hapo, kwenye nguvu ndogo inayopatikana siku ya kazi kubwa. Hoja yangu ni kwamba plau nyepesi ya ng'ombe, ambayo maofisa wa kikoloni, walowezi na baadaye wataalamu wa trekta waliiona kama hatua ya mpito tu, ilichaguliwa na wakulima wa Bungoma kwa hesabu sahihi, nayo imedumu karibu miaka mia moja kwa sababu hesabu hiyo haijabadilika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, akiwa na afya, ana uzani wa kilo 250 hadi 300 hivi. Akivuta kwa saa kadhaa bila kuumia, nguvu anayoitoa ni kama sehemu moja ya kumi ya uzani wake. Jozi moja ya maksai basi inatoa mvuto wa kilo 50 hadi 60, na ikiwa wamekonda unapungua. Upande wa pili kuna udongo. Mfuo wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 12, katika udongo tifutifu uliolowa, unadai mvuto wa kilo 70 hadi 100. Mkulima akitaka kina cha sentimita 20 na upana wa 25, mzigo unakaribia kuwa maradufu, na udongo ukiwa mkavu au wa mfinyanzi unazidi hapo. Jozi moja haitoshi hata kwa mfuo mwembamba, ila jozi mbili zinautosha. Kwa mfuo mpana wa kina kirefu jozi mbili zitasimama katikati ya shamba, na kila jozi inayoongezwa mbele huchangia kidogo kuliko iliyotangulia, kwa kuwa wanyama wengi hawavuti kwa pamoja na mnyororo mrefu unapoteza nguvu. Ndiyo maana mashamba ya Bungoma yalizoea maksai wanne na plau ya mfuo mmoja yenye uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba begani akienda shambani.

Kanuni hii ya kuchagua chombo kwa kutazama nguvu iliyopo inajulikana hata mbali na udongo. Watu wa Hawaii, walioteleza juu ya mawimbi karne nyingi kabla ya wageni kufika kwao, walikuwa na mbao za aina tofauti. Alaia, fupi na nyembamba, ilikuwa ya mawimbi yanayoinuka na kuvunjika kwa kishindo. Olo, ndefu na nene, ubao wa machifu, ilitumika kwenye mawimbi ya taratibu yasiyovunjika, kwa sababu ubao mkubwa unaoelea vizuri huyapata mapema mawimbi dhaifu na kuzitumia nguvu zake zote. Anayeingia katika wimbi dogo na ubao wa wimbi kubwa huzama pale pale. Walowezi wa Kitale walifanya kosa la namna hiyo, wakalilipia kwa madeni.

Kabla ya plau, Bungoma ililimwa kwa jembe la mkono. Wahunzi wa Samia, kusini magharibi ya Bungoma, walisifika kwa kuyeyusha chuma, na majembe yao yalisafiri mbali kwa njia ya biashara. Wabukusu walilima wimbi na mtama, na walifuga ng'ombe wengi ambao kazi yao ilikuwa maziwa, nyama, mahari na heshima ya ukoo. Kumfunga ng'ombe kazini hakukuwa desturi. Mwishoni mwa karne ya 19 ufugaji huo ulipata mapigo mawili. Tauni ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki yote katika miaka ya 1890, na mwaka 1895 majeshi ya Waingereza chini ya ofisa wao Hobley yalizivunja ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, yakachukua mifugo. Ilibidi zizi lijengwe upya kwanza, kazi ya kizazi kizima, ndipo mtu aanze kufikiria nira.

Plau iliingia kutoka upande wa walowezi. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na magari yao yaliyovutwa na maksai kumi na sita kila moja. Mashamba ya Trans Nzoia, yaani eneo la Kitale, yakaanza kugawiwa wazungu miaka michache baadaye, katika ardhi ambayo Wasabaot na Wabukusu walidai kuwa malisho yao, dai walilolipeleka hata mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 bila kupata walichotaka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaongezeka askari wastaafu waliopewa mashamba kwa mpango wa 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Mahindi yakawa zao la eneo zima, na namna ya kuyalima ikafuata mfano wa Afrika Kusini: plau nzito za sahani mbili au tatu, maksai kumi na wawili hadi kumi na sita katika mnyororo mmoja, mifuo mirefu kutoka mpaka mmoja wa shamba hadi mwingine. Udongo wa Kitale, mita 1,900 hivi juu ya bahari, ulikuwa na kichaka na nyasi ndefu ambazo hazijawahi kukatwa na chuma, na mlowezi mwenye mamia ya ekari alitaka kuzivunja zote msimu mmoja.

Nguvu hiyo ilionekana kubwa, lakini gharama yake haikuwa siri. Kundi la maksai kumi na sita linahitaji malisho mapana, wachungaji, wafunzaji, na wengine wa akiba, kwa sababu ndigana inayoletwa na kupe iliwaua wanyama bila kuchagua. Ilihitaji pia vibarua wengi wa bei ya chini, na hao walipatikana kwa kuwabana Waafrika kwa kodi na kuwakalisha mashambani kama maskwota. Bei ya mahindi ilipoporomoka baada ya 1929, nzige wakiwa wamekwisha kuvamia tangu 1928, walowezi wengi walijikuta hawawezi kulipa madeni, na serikali ikaanzisha Benki ya Ardhi mwaka 1931 kuwaokoa. Vita vya Pili vilipokuja, sheria ya mwaka 1942 ya kuongeza mazao iliwahakikishia bei na kuwapa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya. Mahindi ya Mwafrika, yaliyolimwa Bungoma kwa maksai wanne, yalinunuliwa kwa bei ya chini zaidi na hayakupewa ruzuku ya aina hiyo. Ukiangalia vizuri, plau nzito ya Kitale ilivutwa na maksai kumi na sita pamoja na hazina ya serikali.

Waliopeleka ujuzi Bungoma walikuwa wale wale vibarua. Mtu aliyeshika plau miaka mitatu kwenye shamba la mlowezi karibu na Hoey's Bridge, mahali panapoitwa leo Moi's Bridge, alirudi Kimilili au Malakisi akijua kumfunza ndama kazi, kuchonga nira na kunyoosha mfuo. Machifu na watu wa misheni walikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo, na shule ya kilimo ya Bukura, iliyofunguliwa miaka ya 1920, ikaongeza mafunzo. Reli iliyopita Webuye na Bungoma kuelekea Uganda miaka hiyo ilileta plau dukani na kuchukua magunia ya mahindi. Kinachonivutia ni kile ambacho vibarua hao hawakukileta. Waliziona plau za sahani tatu kila siku na walijua ukubwa wa kazi ziliyoifanya. Hawakuziiga. Walichukua plau ya mfuo mmoja, wakaifunga kwa jozi mbili badala ya nane, wakalima kwa kina cha kiganja.

Yuko atakayesema hapo hapakuwa na uchaguzi wowote, ulikuwa umaskini tu. Mwafrika hakuwa na pesa za plau kubwa, sheria za wakati huo zilimzuia kukopa zaidi ya kiasi kidogo, na ng'ombe kumi na sita wa kufunga kazini alikuwa nao mtu mmoja katika kata nzima. Sehemu ya pingamizi hili ni kweli na siipingi. Lakini umaskini peke yake hauelezi mambo mawili. La kwanza, wenye ng'ombe wengi nao, na Bungoma ilikuwa nao, hawakufunga nira ndefu. Walinunua plau ndogo ya pili, wakawa na makundi mawili ya maksai wanne katika mashamba mawili kwa asubuhi moja. La pili, udongo wa tambarare za chini, Bumula kwa mfano, ni wa kichanga kwa sehemu kubwa na hauhitaji kuchimbwa sana. Kuugeuza kwa sentimita 20 ni kupandisha juu udongo usio na rutuba. Plau nzito huko ingekuwa hasara hata kama ingetolewa bure.

Uchaguzi unaonekana zaidi katika namna chombo kinavyotumiwa. Plau ya ng'ombe ina gurudumu dogo mbele na kipande cha chuma chenye matundu ambako mnyororo unafungwa. Mnyororo ukipandishwa tundu moja juu, plau inazama, ukishushwa, inainuka. Mnyororo mrefu nao unaizamisha, mfupi unaiinua. Asubuhi ya kwanza ya msimu, maksai wakiwa bado dhaifu na udongo umelowa juu tu, mshika plau aliyezoea hushusha mnyororo na kukata mfuo wa juu juu. Wiki mbili baadaye nyasi zimechipuka, wanyama wamepata kitu tumboni, mvua imeshuka chini zaidi, naye anapandisha tundu. Mbele yuko kijana anayewaongoza jozi ya kwanza, pembeni yuko mwenye kiboko anayewaita kila mmoja kwa jina, na kazi inaanza kabla ya jua kuchomoza ili jua kali la kabla ya adhuhuri likute wanyama wamefunguliwa. Ekari moja inaweza kuchukua asubuhi mbili. Ncha ya plau ikiisha, fundi wa sokoni huifua upya au hutengeneza nyingine kutoka kwa springi ya lori. Chombo hicho kinaweza kurekebishwa kulingana na unyonge wa siku yenyewe, na mtu anayekitumia anajua kufanya hivyo bila kumwita yeyote kutoka mjini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lilitolewa na maofisa wa kilimo tangu miaka ya 1930: kwamba plau imeharibu udongo. Jembe la mkono huacha visiki, magugu na vipande visivyolimwa vinavyozuia maji. Plau husafisha kila kitu, na mtu anayelima kuteremka mlima anachimbia mvua mfereji. Kwenye miteremko ya Kimilili na Elgon hilo lilitokea kweli. Jibu la serikali lilikuwa amri: matuta ya kulazimishwa, kazi za pamoja, kung'oa magugu kwa shuruti. Amri hizo zilichangia hasira iliyoingia katika Dini ya Msambwa, harakati ya kidini ya Elijah Masinde iliyopinga ukoloni, na mambo yalifika pabaya Malakisi tarehe 10 Februari 1948, polisi walipowafyatulia risasi waumini na kuwaua 11. Nikiutazama ushahidi, kosa halikuwa la plau. Maji hufuata mwelekeo wa mfuo, na plau hiyo hiyo ikipelekwa kukingama mteremko huzuia maji badala ya kuyapa njia. Mmomonyoko ulisababishwa zaidi na ardhi kuwa finyu, watu wakirundikwa Bungoma huku Trans Nzoia mlowezi mmoja akimiliki mamia ya ekari na nyingine hazijaguswa. Aliyelaumu maksai wanne wa Bungoma kwa kuchakaza udongo alipaswa kwanza kuutazama mpaka wa Trans Nzoia.

Kuna lawama ya tatu ambayo naikubali bila kupunguza. Plau ilipanua shamba, lakini haikupalilia. Wanaume walilima ekari nne mahali ambapo jembe lilikuwa likilima moja, kisha palizi ya ekari zote nne ikawaangukia wanawake na watoto kwa jembe lile lile la zamani. Nguvu ilipatikana mwanzoni mwa msimu, na mzigo ukahamia katikati yake. Chombo cha kupalilia kinachovutwa na jozi moja kilikuwepo, ni chepesi kuliko plau, na kingewafaa hata maksai waliochoka, lakini hakikusambaa kwa kiasi hicho. Mahindi yalipandwa bila mistari, kwa hiyo ng'ombe hakuwa na mahali pa kupita. Na kazi ya mwanamke haikuhesabiwa kuwa gharama, kwa hiyo hapakuwa na aliyeona haja ya kuipunguza. Hili ni deni la historia hii, na halijalipwa.

Baada ya hapo ikaja sayansi ya Kitale yenyewe, na bila kukusudia ikathibitisha busara ya plau nyepesi. Mtafiti aitwaye Harrison alianza kuzalisha mbegu za mahindi huko mwaka 1955, Kampuni ya Mbegu ya Kenya ikaundwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatolewa H611, mbegu chotara iliyotokana na mahindi ya Kitale na mahindi kutoka Ecuador. Wakulima wadogo wa magharibi waliipokea kwa kasi iliyowashangaza hata walioitengeneza. Majaribio ya mtafiti mwingine, Allan, katika kituo cha utafiti cha Kitale miaka ya 1960 yalionyesha kwamba kati ya mambo yote yanayoongeza mavuno, tarehe ya kupanda ina uzito mkubwa mno: anayepanda mvua zinapoanza anavuna, anayechelewa wiki chache anapoteza sehemu kubwa hata akiwa na mbegu bora na mbolea. Kina cha mfuo hakikupata sifa hiyo. Kwa hiyo chombo bora ni kile kilicho tayari siku ya kwanza ya mvua, na katika boma lenye maksai wanne wamefungwa nyuma ya nyumba, plau nyepesi iko tayari siku hiyo.

Trekta ina nguvu isiyo na kifani, na sina haja ya kuidharau. Kwenye mashamba makubwa ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo yaliyobaki Trans Nzoia, na kwenye miwa ya Nzoia, kiwanda kilichoanza kusaga mwaka 1978, hakuna maksai anayeweza kuchukua nafasi yake. Taabu huanza trekta ya kukodi inapopelekwa kwa mkulima wa ekari mbili. Anapanga foleni pamoja na majirani zake wote, kwa sababu mvua imewanyeshea siku moja. Dereva anawaendea kwanza wenye mashamba marefu, ambako hageuzi kila dakika. Shamba dogo lenye migomba pembeni na kaburi la babu katikati linangoja, na zamu yake inapofika Aprili imepita. Mipango ya serikali ya kukodisha trekta, tangu ile ya miaka ya kwanza ya uhuru hadi ile ya kaunti, imegonga ukuta huo huo. Nguvu nyingi inayochelewa, kwa mahindi, ni sawa na nguvu ndogo.

Wapo pia wanaosema plau ya ng'ombe inakufa yenyewe kwa kuwa mashamba yamegawanywa mpaka hayana malisho, na ng'ombe wa maziwa wa kisasa wamechukua nafasi ya maksai. Ni kweli kwamba nyumba nyingi hazifiki maksai wanne tena. Lakini wakulima wa Bungoma wamelijibu hilo kwa njia waliyoitumia tangu mwanzo: huyu analeta jozi, yule analeta jozi, wa tatu ana plau na mnyororo, na siku zinagawanywa, asiye na chochote anakodi kwa pesa au kwa kazi. Kilichowaumiza zaidi ni kuvunjika kwa huduma ya mifugo. Majosho ya serikali yaliyowaogesha ng'ombe dhidi ya kupe yalianza kufa miaka ya 1990 huduma hizo zilipoachiwa watu binafsi, ingawa chanjo ya ndigana ilikuwa imeshabuniwa Muguga, karibu na Nairobi, tangu miaka ya 1970. Maksai mmoja akifa Februari, ekari za nyumba mbili au tatu zinachelewa kupandwa.

Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia hupanga bajeti zao kila mwaka, na trekta hupigwa picha vizuri kuliko josho. Nawasihi wawakilishi wa wadi waanze na josho, chanjo ya ndigana na chombo cha kupalilia cha jozi moja, na vifike vijijini kabla ya Februari.